Kisumu na Watoto: Mtaa wa Kulala Uchague kwa Jioni Yake

Anayetafuta nyumba ya kulala Kisumu kwa siku chache huanza na ramani, na ramani ya Kisumu haimsaidii sana. Mji wenyewe si mkubwa. Kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni kilomita chache tu, kutoka katikati hadi Dunga ufukweni ni vivyo hivyo, na hata ukipanda hadi Riat mlimani bado hujaenda mbali. Mchana pasipo mvua, karibu kila mahali utafika kwa dakika kumi na tano au ishirini. Basi mzazi aliyeko Nairobi, Eldoret au Mombasa hujiambia kwamba mtaa wowote utatosha, achukue tu penye picha nzuri na bei isiyouma.

Mchana yuko sawa. Hesabu hiyo huharibika kuanzia saa kumi jioni. Hapo mawingu yanakusanyika upande wa milima ya Nandi, watoto wamechoka na jua, samaki aliyeagizwa hajaiva, mbu wanaanza kutoka, na tuktuk zote mjini zinatafutwa kwa wakati mmoja. Nyumba mbili zilizolingana asubuhi huwa hazilingani tena ifikapo saa moja usiku. Kwa familia yenye watoto, mtaa wa Kisumu unapimwa kwa saa nne hizo, kumi hadi mbili. Mengine yote, mandhari, makochi, runinga kubwa ukutani, yaje baadaye.

Upepo, mvua na saa ya jua kuzama

Tuanze na hali ya hewa, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi. Mji uko kwenye kona ya ghuba ya Winam, mwinuko wa kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na nyingine yenye unyevu huvutwa kutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwani unaoanza kusikika kabla ya adhuhuri na kuwaokoa watu wa karibu na maji. Lakini hauishii mjini. Unasukumwa bara hadi kwenye ukuta wa milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho, na hapo unapandishwa, unapoa, unageuka mawingu mazito. Kuelekea jioni mawingu hayo hurudi upande wa ziwa pamoja na radi zake. Mwenyeji wa Kisumu hahitaji utabiri wa redio. Akiona Nandi imekuwa nyeusi saa tisa, anaanua nguo.

Miezi ya Machi hadi Mei ndiyo ya masika, kwa hiyo likizo ya Aprili huangukia humo humo. Hata nje ya masika, mvua ya jioni si ajabu. Agosti huwavuta sana watu wa Nairobi wanaokimbia baridi, na wanafanya vyema, ila wasidhani wataanika nguo za kuogelea kwenye roshani mpaka usiku.

Kuna na jambo la jua. Kisumu iko magharibi ya nchi na inatumia saa ile ile ya Mombasa, kwa hiyo jua huchelewa kuzama kwa kama dakika ishirini zaidi ya Pwani. Kwa mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja. Mtoto aliyezoea kuitwa ndani giza likiingia atataka kucheza nje wakati ambapo mbu tayari wako kazini. Joto nalo husogea: kilele chake ni saa nane hadi saa kumi, wakati ambao familia nyingi hurudi nyumbani kupumzika. Nyumba ya bati la chini isiyo na dari nzuri, iliyoko bondeni ambako upepo wa ziwa haufiki, hukaa kama tanuri saa hizo.

Kwa hiyo uliza mambo mawili kuhusu mtaa wowote: je, upepo wa ziwa unafika hapo mchana, na je, mvua ikinyesha saa kumi na moja, unatoka na kurudi vipi?

Ziwa la kutazama

Kabla ya kuingia mtaa kwa mtaa, tuondoe kosa moja linalowagharimu wageni pesa. Watu waliolelewa na likizo za Diani au Bamburi wakisikia "karibu na ziwa" huona mchanga na watoto wakikimbilia majini. Kisumu haiko hivyo. Ukingo wa mji umeshikwa na reli, bandari na viwanda upande mmoja, na mafunjo upande mwingine. Maji ya kando yana konokono wanaoeneza kichocho. Viboko wapo, hasa kuanzia Hippo Point kuelekea Dunga, na jioni hutoka kwenda kula majani. Tena kuna magugumaji, ambayo upepo huyahamisha: leo ghuba iko wazi, kesho mashua haipiti.

Hivyo ziwa hapa ni la kutazama, la kupandia mashua na la kula kilichovuliwa humo. Kwa mwendeshaji mashua mwenye maboya ya kuokolea ya saizi ya watoto, safari ya asubuhi kutoka Dunga ni tamu kuliko bustani yoyote ya michezo. Lakini unapolipia nyumba zaidi kwa sababu iko ufukweni, unalipia upepo na machweo. Kuogelea utalipia kwenye bwawa la hoteli, au utafute fleti zenye bwawa lao. Kama watoto wako wamebeba maboya ya mikononi na miwani ya majini, basi swali la bwawa liko juu ya swali la ziwa.

Milimani, na Milimani ya matangazo

Kwa familia inayokuja mara ya kwanza, jibu langu ni Milimani, na sitazunguka. Mtaa una miti mikubwa, nyumba zenye nafasi, barabara za lami. Upepo wa ziwa unaupata moja kwa moja. Hifadhi ya Impala, ambayo Shirika la Wanyamapori linaiendesha tangu ilipotangazwa rasmi mwaka 1992, iko hapo karibu, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuizunguka kwa miguu bila kubebwa. Jioni, hata mvua ikiwa imekatiza mipango, safari ya kwenda kula mjini au kurudi kutoka Dunga ni fupi, na dereva wa tuktuk haikatai.

Tatizo ni kwamba Milimani ya kwenye matangazo ni kubwa kuliko Milimani yenyewe. Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Wakoloni walipoupanga mji, Wazungu walichukua mwinuko wa karibu na maji upande wa kusini, Wahindi wakawekwa katikati penye maduka, na wafanyakazi Waafrika wakapata mitaa kama Kaloleni na Shauri Moyo. Wengi zaidi hawakupata nafasi humo. Walijenga nje ya mpaka wa manispaa, kwenye ardhi ya koo: Nyalenda, Manyatta, Obunga, Bandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ulisogezwa na mitaa hiyo ikaingizwa mjini, lakini ardhi ilibaki mali ya familia, ikigawanywa baba kwa wana, barabara zikifuata pale viwanja vilipoacha upenyo.

Mstari huo wa zamani bado unaonekana. Barabara ya Ring Road ndiyo inayoutenga upande wa Milimani na mtaa wa Tom Mboya kutoka Nyalenda. Upande mmoja utaona kuta, maua na vizimba vya walinzi. Vuka, utakuta vibanda vya chapati, wachomelea vyuma, makanisa ya mabati, na katikati yake jengo jipya la ghorofa tano lenye vioo vya buluu, jirani na boma la mzee ambaye ng'ombe wake bado wapo. Jengo hilo huenda ni zuri ndani kuliko nyingi za Milimani, na bei yake ni ya chini. Barabara kadhaa za Nyalenda zimewekwa lami na taa, na mtu mzima anayependa mji wenye uhai atafurahi. Ila kichochoro cha mwisho kufika getini mara nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoshika kiatu kama gundi. Baada ya mvua ya saa kumi na moja, gari dogo haliingii, na mzazi anambeba mtoto mgongoni na begi kichwani kwa mita mia mbili.

Mwenye nyumba hatasema "Nyalenda". Mazungumzo ya simu huenda hivi:

"Nyumba iko Milimani, madam. Dakika tano na ziwa."

"Sawa ndugu yangu. Upande gani wa Ring Road?"

"Ni hapa tu, ukivuka kidogo."

Hilo "ukivuka kidogo" ndilo jibu. Si lazima ukatae. Uliza tu kama gari linafika mlangoni mvua ikinyesha, na bei ishuke kulingana na jibu.

Na Milimani yenyewe si kimya kitupu. Baa na klabu zimeingia humo kwa miaka mingi sasa, na Ijumaa hadi Jumapili muziki wake hausikilizi sheria. Nyumba mbili za barabara moja zinaweza kutofautiana kabisa kwa usingizi.

Katikati ya mji

Fleti za katikati ya mji huwavutia waliofika kwa basi au treni bila gari lao. Maduka makubwa, benki, soko la Jubilee na Hospitali ya Aga Khan vyote viko karibu, na kwa familia yenye mtoto mwenye pumu au mzee mwenye presha, ukaribu huo wa hospitali una maana. Makumbusho ya Kisumu, yenye boma zima la Kijaluo lililojengwa kuonyesha nyumba ya mke wa kwanza, wa pili na wa tatu zinavyopangwa, yako safari fupi tu kwenye barabara ya Nairobi.

Siipendi katikati ya mji kwa familia, ila si kwa sababu ya usalama ambao watu huutaja kwanza. Ni kelele na kukosa uwanja. Makanga huanza kuita abiria alfajiri, jenereta za maduka hunguruma umeme ukikatika, na mtoto hana pa kukimbia ila korido ya ghorofa. Kwa usiku mmoja kabla ya kupanda gari la asubuhi, sawa. Kwa siku nne, hapana.

Riat

Riat ndiyo picha utakayoiona zaidi mtandaoni: kitanda cheupe, kioo kipana, na ghuba nzima ya Winam chini yake, ndege zikitua kama vitu vya kuchezea. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kakamega, ukapita Kondele na Mamboleo, barabara inaanza kupanda, na hewa inabadilika mwilini kabla hujaitazama simu. Usiku upepo hugeuka ukashuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na Riat hupata wa kwanza. Watoto hulala bila feni.

Familia yenye gari lake, yenye watoto wakubwa kidogo, inayopenda kupika na kukaa, itaipenda kuliko Milimani, na nitaelewa. Pia kama mpango wenu ni kwenda Maseno kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, au Kit Mikayi, ule mwamba mkubwa uliopangana kando ya barabara ya Bondo, mnaweza kuteremka na kushika njia ya Kisian bila kugusa katikati ya mji.

Tatizo ni jioni ile ile. Kila kitu mtakachotaka kufanya saa kumi na moja kiko chini, na kila kurudi ni kupanda. Dunga kwa samaki, kisha kurudi Riat gizani kwenye mvua, huku mtoto mmoja amelala na mwingine anataka choo, ni safari ya kukata mji mzima kupitia Kondele saa ya msongamano. Mara ya kwanza mtasema haikuwa mbaya. Mara ya pili mtaagiza chakula na kukaa ndani. Likizo nyingi za Riat huishia hivyo, mandhari mazuri na tambi za kuchemsha. Si vibaya, mradi mlijua tangu mwanzo na mlipita sokoni kabla ya kupanda.

Tena nyumba nyingi za Riat ni za kibinafsi kwenye mteremko. Muulize mwenyeji kuhusu ukuta wa chini wa kiwanja, ngazi zisizo na vishikio, na kama bwawa lina uzio. Mteremko huohuo unaokupa mandhari unaweza kumpa mtoto wa miaka miwili njia ya kuanguka.

Dunga

Dunga inastahili alasiri nzima ya siku zenu. Ni kijiji cha wavuvi ndani ya mji. Mashua huingia asubuhi na mbuta na ngege, kina mama wanapima na kubishana bei, na kando yake kuna njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo ambako wapenzi wa ndege hukaa na darubini. Samaki unamchagua mwenyewe. Kisha unangoja. Kungoja kwa samaki wa Dunga ni sehemu ya bei, kwa hiyo agiza kwanza ndipo mwende mashuani. Ukirudi utamkuta karibu kuiva.

Kulala hapo ni jambo jingine. Zipo nyumba chache na kambi, na machweo yake hayana mfano Kisumu nzima. Lakini ziwa si jirani mwenye kukaa mahali pake. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, na majengo ya ukingoni yakaingiliwa. Hata maji yakiwa yametulia, mafunjo ni makao ya mbu, na viboko hutembea usiku. Familia yenye watoto wadogo ikale samaki Dunga, ikalale kwingine.

Ile mitaa ya kati

Kati ya Milimani na Riat kuna kundi la mitaa ya wapangaji wa kawaida ambako nyumba za siku zimeongezeka: Lolwe, Kenya Re, Migosi, Kanyakwar, Mamboleo. Hizi ndizo ningemwonyesha mtu mwenye bajeti ndogo na watoto watatu. Utapata vyumba vitatu kwa bei ya vyumba viwili vya Milimani, duka la mboga nje ya geti, na watoto wa jirani wa kucheza nao, jambo ambalo hakuna tangazo linalolisema. Mamboleo ina uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta na ndiko ulikofanyika mkutano wa miji ya Afrika, Africities, mwezi Mei 2022. Siku ya mechi kubwa au mkutano wa siasa, barabara ya Kakamega husimama. Kanyakwar inachanganya, kwa kuwa kuna vipande vilivyopangwa na vipande ambako barabara bado ni ahadi.

Kondele na Manyatta nazitaja haraka. Kondele usiku kuna nyama, mahindi, muziki na watu wa kila namna chini ya barabara ya juu, na mtu mzima akipenda aende. Kwa kulala na watoto ni kelele tupu, na nchi ikichafuka kisiasa ndiyo huwa ya kwanza kufungwa. Nyamasaria iko chini, kwenye tambarare ya kuelekea Kano, na joto lake la alasiri halina huruma.

Hesabu ya tuktuk

Hakuna kinachoamua mtaa kuliko namna mtakavyosafiri, na hapa familia hukosea kwa kuhesabu nauli ya mtu mmoja. Pikipiki kisheria hubeba abiria mmoja. Bodaboda atakuambia anaweza kuwabeba wewe na watoto wawili, na utaona wenyeji wakifanya hivyo kila siku. Bado haibadilishi sheria wala lami. Tuktuk inachukua watatu. Kwa hiyo:

"Mama, mko wangapi?"

"Watano, na huu mfuko."

"Hapo ni tuktuk mbili. Kama ni Milimani nitawapeleka nirudie. Lakini Riat na hii mvua, hapana mama."

Teksi za kuitwa kwa simu zipo na mchana hufika upesi. Mvua ikianza, bei hupanda na madereva hupungua kwa pamoja. Familia ya watu watano isiyo na gari, iliyolala mbali, hulipa tofauti ile ya bei ya nyumba kidogo kidogo barabarani, mara mbili kwa siku. Chukueni bei ya nyumba ya mbali, ongezeni nauli za kwenda na kurudi kwa siku zote, ndipo mlinganishe. Mara nyingi Milimani inakuwa rahisi kuliko ilivyoonekana.

Mbu, maji na ghorofa

Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi Kenya. Mtoto aliyekulia Nairobi au Nyahururu hana kinga ambayo mwenzake wa Kisumu ameijenga kwa kuugua mara kadhaa. Zungumzeni na daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga, na chandarua kiwe sharti, si ombi. Kila kitanda, pamoja na kile cha kuvuta sebuleni, ambacho ndicho husahauliwa na ndicho watoto hulalia. Nyavu za madirishani ziwe nzima, maana dirisha lisilo na wavu litafungwa saa kumi na mbili, na nyumba iliyofungwa Kisumu bila feni haina usingizi. Mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, mwambieni daktari mlikuwa Kisumu, apimwe siku hiyo hiyo.

Ghorofa za juu zina upepo zaidi, ila kuna mambo mawili. Lifti ikikwama na umeme ukikatika, maji ya tanki lisilo na pampu ya akiba hukwama nayo. Na roshani: angalia kwenye picha nafasi kati ya vyuma. Vyuma vya kulala ni ngazi kwa mtoto wa miaka mitatu, na kiti cha plastiki kilichowekwa hapo kwa ajili ya mandhari ndicho atakachosogeza. Kama picha haionyeshi, omba nyingine.

Unapompigia mwenyeji, omba video, na usiombe ya mchana. Mchana kila nyumba ina mwanga na kimya. Mwambie asimame kwenye roshani Ijumaa au Jumamosi saa mbili usiku, akae dakika moja bila kuongea, kisha atembee na simu hadi barabara ya lami. Klabu, kanisa la kesha, matanga yenye spika, jenereta ya jirani, taa za njiani, tope, vyote vitajitokeza bila kuulizwa. Anayekataa mara mbili huwa amekwisha jibu. Muulize pia tokeni za stima ni juu ya nani, kwa sababu pasi, feni tatu na jiko la umeme hula tokeni kwa kasi, na ugomvi wa siku ya kuondoka mara nyingi huwa wa shilingi mia tano za stima.

Siku ya kuondoka nayo ina jioni yake, ila inaanza asubuhi. Wengi huondoka Jumapili, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, ambalo hufurika hadi kandokando ya Jomo Kenyatta Highway. Mliolala Milimani na mnaelekea Nairobi kwa barabara, shikeni Ring Road mtokee barabara ya Nairobi mkaiache Kibuye nyuma yenu. Mliolala Riat au Mamboleo, msishuke mjini kabisa: kutoka Mamboleo kuna barabara ya Miwani na Chemelil inayopita kwenye mashamba ya miwa hadi Muhoroni na kuendelea Londiani. Na kama mnapanda ndege ya jioni, hesabuni kwamba mvua ya saa kumi na moja itanyesha, kisha muondoke nyumbani saa tisa.